Hesabu za Olkaria na mtego wa ‘mara tatu zaidi’

MTAMBO wa kwanza wa umeme wa mvuke ulianza kazi Olkaria, karibu na mji wa Naivasha, mwaka wa 1981. Uwezo wake ulikuwa megawati 15. Mwaka uliofuata uliongezwa wa pili wenye uwezo uo huo, na mwaka wa 1985 ukafuata wa tatu, hivi kwamba kituo hicho, ambacho leo hujulikana kama Olkaria 1, kikawa na megawati 45. Hadi hapo hakuna utata wowote. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya hesabu hiyo bila kushika kalamu.

Utata huanza pale habari hiyo inapoandikwa kwa Kiingereza kisha ikahitaji kuletwa katika Kiswahili. Mwandishi mmoja wa Kiingereza atasema uwezo wa kituo “increased to 45 megawatts”. Mwingine atasema “increased by 30 megawatts”. Wa tatu ataona ni mkato zaidi kusema “tripled” au “increased threefold”. Mwenye kupenda asilimia ataandika “rose by 200 per cent”. Kuna atakayesema kituo sasa “produces three times as much as” kilivyozalisha mwanzoni, na kuna atakayesema kinazalisha “three times more”. Sentensi hizi zote zinasimulia jambo moja lililotendeka mahali pamoja, na zote hutokea katika taarifa zinazotumwa kwa vyombo vya habari kila uchao. Hata hivyo, ukizihamisha neno kwa neno katika Kiswahili, utapata vituo vya umeme vinne au vitano vyenye nguvu tofauti tofauti.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Ingawa Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, ripoti nyingi za kampuni, mikataba ya mikopo na taarifa za bei bado huandikwa kwa Kiingereza kwanza. Msikilizaji wa redio kule Maai Mahiu au Gilgil huzipokea zikiwa zimepita mikononi mwa mfasiri ambaye mara nyingi ana dakika chache tu kabla ya taarifa kusomwa.

Tuanze na vihusishi viwili vidogo, “by” na “to”. Baada ya vitenzi vya kupanda, kushuka, kuongezeka na kupungua, “by” hutaja tofauti kati ya kiwango cha zamani na kipya, ilhali “to” hutaja mahali kiwango kilipofikia. Kwa bahati nzuri Kiswahili kina jozi inayolingana na hiyo barabara: “kwa” na “hadi”. Uwezo wa Olkaria 1 uliongezeka kwa megawati 30. Uliongezeka hadi megawati 45. Hapa mfasiri hana kisingizio. Anayeandika kuwa uwezo “uliongezeka kwa megawati 45” amewazawadia Wakenya megawati 15 zisizokuwepo.

Balaa huwa kubwa zaidi nambari inapokuwa asilimia. Mnamo Septemba 2018, baada ya umma kulalamikia ushuru wa thamani wa asilimia 16 uliokuwa umeanza kutozwa mafuta, Rais Uhuru Kenyatta alipendekeza upunguzwe “by 50 per cent”. Maana yake ni kwamba ungeshuka kwa nusu yake, na ukashuka hadi asilimia 8. Miaka mitano baadaye, Sheria ya Fedha ya 2023 iliurejesha kwenye asilimia 16. Je, mwaka huo ushuru uliongezeka kwa asilimia 8 au kwa asilimia 100? Jibu la hesabu ni asilimia 100, kwa kuwa 8 ilikuwa 16. Kile kilichoongezeka kwa 8 ni pointi za asilimia, na Kiingereza huwa na maneno maalumu ya kutenga dhana hizo mbili. Magazeti ya Kiswahili yangefaa kuizoea istilahi ya “pointi” au, lililo rahisi zaidi, kutaja viwango vyote viwili: kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Msomaji aliye na kikokotoo chake kichwani atajifanyia mengine.

Baada ya hapo linakuja neno “mara”, na hapa ndipo penye kina kirefu.

Katika Kiswahili “mara” hufanya kazi mbili ambazo Kiingereza mara nyingi huzigawa. Kwanza, huhesabu matukio: alipiga simu mara mbili. Pili, huzidisha: tatu mara kumi na tano ni arubaini na tano. Kazi zote mbili ni halali, na tatizo hujitokeza tu zinapokutana baada ya kitenzi cha kuongezeka. Chukua sentensi “bei ya petroli imepanda mara mbili tangu Januari”. Halmashauri ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo ni jambo la kawaida kabisa bei kupanda katika matangazo mawili, hata kama nyongeza yenyewe ni ya senti. Lakini sentensi iyo hiyo inaweza kueleweka kuwa lita iliyokuwa shilingi 100 sasa ni shilingi 200. Mwenye matatu anayeamua nauli kwa kusikia tafsiri ya pili atakuwa amewakamua abiria wake kwa kosa la sarufi.

Olkaria 1 yenyewe ni mfano mzuri wa mkanganyiko huo. Kati ya 1981 na 1985 uwezo wake uliongezeka mara mbili, yaani katika vipindi viwili, mwaka wa 1982 na mwaka wa 1985. Mwishoni ulikuwa mara tatu ya ulivyokuwa mwanzo. Kauli hizo mbili ni za kweli kwa pamoja, na aliyesoma haraka atadhani moja inaipinga nyingine.

Kiingereza huliepuka shimo hili kwa kuwa na vitenzi mahsusi. “The price rose twice” ni matukio mawili. “The price doubled” ni kuzidisha. Kiswahili nacho hakikuachwa mikono mitupu. Lipo neno “maradufu”, ambalo halihesabu matukio kamwe: bei imeongezeka maradufu ni bei iliyojirudia kimo chake. Kwa tatu na kuendelea, kinachookoa jahazi ni kiunganishi “ya”. Anayesema uwezo “umekuwa mara tatu ya” ule wa awali hawezi kueleweka visivyo, kwa sababu “ya” humlazimisha msikilizaji kutafuta kitu kinachozidishwa. Kitenzi “kuwa” au “kufikia” hapa ni bora kuliko “kuongezeka”. Ni badiliko dogo, ila linamaliza ubishi.

Ubishi ambao hata Waingereza na Wamarekani wenyewe hawajaumaliza ni ule wa “three times more than”. Wapo wanaoshikilia kwamba “more” ni ziada, na kwa hivyo kitu kilichozidi 15 “three times more” ni 15 pamoja na 15 nyingine tatu, jumla 60. Wapo wanaosema, na hawa ndio walio karibu na matumizi ya kila siku, kwamba kauli hiyo ni sawa na “three times as much as”, yaani 45 basi. Waandishi wa kamusi wa Merriam-Webster ni miongoni mwa waliotetea msimamo huu wa pili, wakionyesha kuwa waandishi wa Kiingereza wameitumia kauli hiyo kwa maana hiyo kwa karne kadhaa bila wasomaji wao kupotea. Walimu wengi wa hesabu hawajaridhika.

Mfasiri wa Kiswahili hapaswi kuingia katika vita visivyo vyake. Hata hivyo, anapoandika “mara tatu zaidi ya” huwa ameuagiza ugomvi huo wote kutoka ng’ambo na kuushusha bandarini bila kulipia ushuru. Kiswahili cha asili hakikuhitaji kuweka “mara” na “zaidi” katika kapu moja. Kilisema “mara tatu ya”, au kilitumia kitenzi “kuzidi” kikataja kiasi cha ziada waziwazi: umeme wa 1985 ulizidi ule wa 1981 kwa megawati 30. Kauli “mara tatu zaidi” imeenea mno sasa kiasi cha kutoweza kufutwa, na si lazima mtu aipigie kelele sokoni. Lakini katika habari yenye takwimu, mhariri makini ataikata “zaidi” na kuacha “ya”.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo “zaidi ya” na “mara” hukaa pamoja kwa haki. Mradi mkubwa wa megawati 280, uliojumuisha kituo cha Olkaria 4 kilichozinduliwa Oktoba 2014 na mitambo miwili mipya ya Olkaria 1, ulikuwa zaidi ya mara sita ya uwezo wa Olkaria 1 ya mwaka wa 1985. Hapa “zaidi ya” haiongezi ziada juu ya kuzidisha. Inasema tu kuwa nambari halisi imepita sita kidogo. Mpangilio wa maneno ndio unaoleta tofauti. “Zaidi ya mara sita” na “mara sita zaidi” ni kauli mbili tofauti, kama vile “more than six times as much” na “six times more” zilivyo tofauti katika Kiingereza.

Kinyume cha kauli hiyo ni kibovu zaidi. Baadhi ya taarifa za Kiingereza husema kituo fulani huzalisha “three times less than” kingine. Olkaria 1 ya zamani ilikuwa na megawati 45, Olkaria 4 ina 140. Ukijaribu kupunguza 140 mara tatu kwa hesabu ya kawaida utaishia chini ya sifuri, na hapo kituo kitakuwa kinanyonya umeme badala ya kuutoa. Kwa Kiswahili ni heri kuzitumia sehemu ambazo lugha imezirithi na kuzimiliki kwa muda mrefu: nusu, thuluthi, robo, humusi, thumni. Olkaria 1 ilizalisha karibu thuluthi moja ya uwezo wa Olkaria 4. Sentensi inakuwa fupi na hakuna anayekuna kichwa.

Kauli nyingine iliyowaangusha wengi ni “half as much again”. Kituo cha Olkaria 2 kilianza mwaka wa 2003 kikiwa na mitambo miwili ya megawati 35, jumla 70. Mwaka wa 2010 uliongezwa mtambo wa tatu wa kiasi hicho hicho, kikafikia megawati 105. Mwingereza anaweza kusema kituo hicho sasa “produces half as much again as it did”. Mfasiri anayekimbizana na saa huona “half”, akaandika “nusu”, na kwa kalamu moja kituo kilichopanuliwa kinapunguzwa hadi megawati 35. Neno la mwisho, “again”, ndilo linalobeba maana: kiasi cha awali kipo palepale, na juu yake pamewekwa nusu yake. Kwa Kiswahili ni “mara moja na nusu ya” uwezo wa awali, au kwa lugha ya dukani, “kimeongezewa nusu yake”.

Vivyo hivyo “as much as” ina sura mbili. Baada ya kitenzi, ikifuatwa na kitu kingine cha kulinganishwa, ina maana ya usawa: Olkaria 4 “produces as much as” ile mitambo ya nne na ya tano ya Olkaria 1, kwa kuwa kila upande ulijengwa uwe na megawati 140. Ikifuatwa na nambari tupu, “produces as much as 140 megawatts”, inageuka kuwa kilele: inaweza kufika 140, na huenda leo isifike. Ya kwanza ni “sawa na” au “kiasi kile kile cha”, ya pili ni “hadi” au “isiyozidi”. Kosa la kuzichanganya si dogo, kwa maana kilele cha uwezo na umeme unaofika majumbani ni vitu viwili. Mtambo husimamishwa kwa matengenezo, na mvuke wa kisima nao huweza kupungua kadiri miaka inavyopita.

Tena “hadi” yenyewe ina ndimi mbili. Katika “ulipanda hadi 45” nambari ni kituo cha mwisho, halisi. Katika “atalipwa hadi shilingi 50,000” nambari ni mpaka, na huenda mlipwaji akaondoka na 5,000. Mtu anayesubiri fidia hustahili kujua ni “hadi” ipi anayosomewa.

Kiswahili kina hazina ambayo mara nyingi haithaminiwi katika eneo hili, nayo ni vitenzi vinavyofungamana na nomino: watu wapatao 100, watu wasiopungua 100, watu wasiozidi 100. Kila kimoja hubeba kwa neno moja kile ambacho Kiingereza hukieleza kwa “about”, “at least” au “at most”. Kuna Kiingereza cha “no fewer than 100” ambacho, juu ya kuweka kima cha chini, huonyesha kuwa msemaji anaiona idadi hiyo kuwa kubwa. Na “no more than 100” huonyesha anaiona ndogo. Hisia hiyo “wasiopungua” na “wasiozidi” hazina, kwani hizo ni kauli kavu za kisheria. Ikihitajika, huletwa na neno jingine: “watu 100 tu”, “watu 100 wazima”.

Olkaria imeonyesha kwamba maneno ya ulinganisho yanaweza kuamua maisha. Ili kupisha ujenzi wa Olkaria 4, jamii za Wamaasai zilihamishwa mwaka wa 2014 kutoka vijiji vyao hadi makazi mapya. Makazi hayo yanaitwa RAPland, jina lililoundwa kutokana na herufi za kwanza za Kiingereza za mpango wa kuwahamisha watu. Mradi huo ulifadhiliwa na wakopeshaji kadhaa, miongoni mwao Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kanuni ya Benki ya Dunia iliyotumika wakati huo kuhusu uhamishaji wa lazima ilitaka maisha ya wanaohamishwa yaboreshwe, au angalau yarejeshwe, kwa thamani halisi, kwenye kiwango cha kabla ya kuhamishwa au kile cha kabla ya mradi kuanza, kutegemea ni kipi kilicho cha juu zaidi.

Sentensi hiyo moja ina vilinganishi vitatu. “Angalau” inaweka sakafu: chini ya hapo ni ukiukaji. “Kwa thamani halisi” inakataza kumlipa mtu shilingi zile zile baada ya bei kupanda. Na “kipi kilicho cha juu zaidi” inamnyima mlipaji ruhusa ya kuchagua kipimo kinachomfaa yeye. Mfasiri akiiacha “angalau” kwa kuiona ni pambo, sakafu inageuka kuwa lengo. Akiandika “kiwango cha awali” peke yake, anaondoa ule uchaguzi wa kilicho juu zaidi. Mzee anayesomewa karatasi hiyo na kutakiwa kuweka kidole gumba hana njia ya kujua kilichomtoka.

Wakazi waliwasilisha malalamiko, na uchunguzi wa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, uliokamilika mwaka wa 2015, uligusia miongoni mwa mambo mengine kutotumiwa ipasavyo kwa Kimaasai katika mashauriano na kuwekwa kando kwa wazee. Baadaye pande husika zilikaa katika upatanishi.

Kutoka hapo si mbali kufikia “kuliko”, kilinganishi ambacho kila mtoto anakijua na ambacho hata hivyo kina mtego. “Wakazi wanawaamini wazee kuliko maafisa”: je, wakazi wanawaamini maafisa kidogo, au maafisa ndio wanaowaamini wazee kidogo? Kiingereza huponea kwa kuongeza kitenzi kisaidizi mwishoni, “more than officials do”. Kiswahili hakina kisaidizi cha namna hiyo, lakini kinaweza kukirudia kitenzi chenyewe: “kuliko wanavyowaamini maafisa”, au “kuliko maafisa wanavyowaamini”. Huwa ni maneno machache ya ziada kwenye ukurasa. Magazetini, ambako nafasi hupimwa kwa sentimita, maneno hayo ndiyo hukatwa kwanza.

Mitambo mitatu ya awali ya Olkaria 1 nayo imerudi katika habari. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme nchini, ilitangaza mpango wa kuifanyia ukarabati mkubwa, lengo likiwa uwezo uliokuwa megawati 45 ufike takriban 63. Ni ongezeko la megawati 18, au asilimia 40 ya uwezo wa zamani. Ni hadi 63, si kwa 63. Ni mara moja na visehemu vinne vya kumi ya ulivyokuwa, na si mara nne ya chochote. Ukiulinganisha na siku ile ya 1981 mtambo wa kwanza ulipowashwa ukiwa peke yake, ni zaidi ya mara nne ya megawati 15. Taarifa moja ya Kiingereza ikiziweka hesabu hizi mbili katika aya moja, kama inavyotokea, mfasiri itambidi aulize kabla ya kuandika: nne ya nini?